Kibaba na Jembe

Watu wa Pwani wana methali mbili juu ya chakula na mwenzio, na zikipimwa pamoja hazikai katika mizani moja. Methali ya kwanza ni ile isemayo kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ya pili yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza ni faraja ya mtu mwenye subira, aliye na siku nyingi mbele yake na mkono wake mwenyewe wa kuongeza. Ya pili ni sheria ya nyumba. Husemwa mara nyingi kwa ukali, kana kwamba nia yake ni kumfukuza mvivu. Lakini atakayeisikiliza vema ataona kuwa amri yake haikuelekezwa kwa mgeni hata kidogo. Mwenye kuamriwa ni mwenyeji. Yeye ndiye aambiwaye atoe jembe.

Zegereni ni mahali pafaapo kuanzia fikira hii. Iko Kibaha, si mbali na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, katika nchi ya Wazaramo na Wakwere ambayo kwa upande wa kusini hupakana na Kisarawe. Siku hizi hujulikana zaidi kwa viwanda. Nafaka ishukayo katika bandari ya Dar es Salaam na kupelekwa bara kwa barabara, aghalabu hupita Kibaha. Kwa hiyo mkazi wa Zegereni hupitiwa na chakula cha msaada pasipo kukijua: gunia lililofunikwa turubai huenda magharibi, mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja, hata Kigoma. Yeye huona lori tu. Hajui kama gunia lile limejaa, wala kama mtu atakayelipokea ameahidiwa gunia zima au nusu yake.

Mwezi Machi 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi wa Kigoma hata ukawa asilimia 65 ya kipimo kamili. Mwezi Juni mwaka ule ule ukashuka tena hata asilimia 50. Kipimo kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, nacho hakikuwekwa kwa ajili ya anasa. Ni kadiri ya kumfanya mtu asimame, atembee, na asishikwe na kila maradhi yapitayo. Walioguswa na upungufu huo walikuwa zaidi ya watu 200,000, Warundi na Wakongo, katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Wala haikuwa mara ya kwanza, maana mwezi Agosti 2017 mgawo wa kambi hizo ulikuwa umeanguka hata asilimia 62. Sababu iliyotolewa mara zote ilikuwa moja: fedha hazikutosha.

Sababu hiyo ni ya kweli, na haifai kubezwa. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1961, halitozi kodi wala halina ada ambayo mataifa hulazimika kulipa. Kila fedha liitumiayo hutolewa kwa hiari ya mtoaji. Mwaka 2020 lilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Heshima ile haikulipatia haki ya kumdai mtu yeyote. Mwaka 2025 lilitazamia kupata dola bilioni 6.4, pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko mwaka uliotangulia. Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mtoaji mkubwa kupita wengine wote, ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025 ili ichunguzwe upya, na ilipofika tarehe mosi Julai mwaka ule shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekwisha kufungwa. Tena fedha nyingi zitolewazo huwa zimefungwa kamba: hii ni ya nchi fulani, haiendi nyingine. Na fedha ikipatikana leo, nafaka haifiki leo. Sharti inunuliwe, ipakiwe, ivuke bahari, ishushwe, isafirishwe, miezi hupita. Ahadi si gunia.

Hapa pana jambo la kustaajabisha ambalo mazoea yamelifunika. Upande mmoja wa mizani umewekwa hiari, na upande wa pili umewekwa dharura. Mtoaji aweza kutoa mwaka huu na mwaka ujao asitoe, na hapana baraza litakalomwita. Mlaji hawezi kula mwaka huu na mwaka ujao asile. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala yake ya mwaka 1972 iliyoandikwa wakati wakimbizi wa Bengali walipokuwa wakiteseka, alikataa kuiita hiari hiyo sadaka. Alisema kuwa mtu awezaye kuzuia baya kubwa pasipo kupoteza kitu cha thamani ya namna hiyo, akiacha, ametenda kosa. Hoja yake ni nzito, na haijajibiwa kwa urahisi hata leo. Lakini ina upungufu mmoja: humtazama mwenye njaa kama mtoto aliyeanguka majini, na kuuliza nani atamwokoa. Haiulizi kama mlangoni pa kisima pana mtu aliyesimama akimzuia asitoke.

Kabla ya kulifikia swali hilo, yafaa kulitazama lile ambalo wagawaji wenyewe hukabiliana nalo kila mwezi. Chakula kikiwa hakitoshi, kigawanywe vipi? Afrika Mashariki imejaribu njia mbili. Tanzania, katika mwaka ule wa 2023, ilifuata njia ya usawa: nusu kwa mtu, na kila mtu nusu. Uganda, tangu mwezi Julai wa mwaka huo huo, ilifuata njia ya mafungu: walio dhaifu kabisa wapewe asilimia 60, wenye udhaifu wa kadiri wapewe asilimia 30, na wale waliodhaniwa kujiweza wasipewe kitu. Kenya nayo iliingia katika njia hiyo mwezi Agosti 2025. Wakimbizi wa Kakuma na Dadaab waligawanywa mafungu manne, na fungu la nne likaondolewa katika mgawo.

Tuseme katika nyumba moja ya Zegereni pana sufuria moja ya wali na watu kumi, na wali watosha watano. Mama wa nyumba akipakua sawasawa, wote kumi watalala na njaa, na mtoto mchanga na mgonjwa watalala na njaa iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa nusu ya sahani haiwi sawa katika tumbo lisilo sawa. Akipakua kwa kutazama nyuso, atawashibisha walio hatarini, lakini itampasa awaambie wengine, mbele ya macho yao, kuwa wao hawana fungu. Njia ya kwanza ina adabu. Ya pili ina huruma. Hapana shaka kuwa huruma ndiyo bora pale ambapo mpakuaji awajua walaji. Mama wa nyumba huwajua. Ajua nani alikula kwa jirani mchana, nani ananyonyesha, nani huficha ugonjwa wake.

Lakini afisa wa mgawo hawajui watu 200,000. Yeye ana orodha. Huandika kuwa nyumba fulani ina kijana mwenye nguvu, basi yaweza kujitegemea. Haandiki kuwa kijana huyo hana pa kufanyia kazi. Mtu aliyefanya biashara ndogo ya vitunguu kwa kutumia mafuta aliyouza kutoka katika mgawo wake huhesabiwa kuwa anajiweza, na kwa sababu hiyo hunyimwa mgawo uliokuwa mtaji wake. Huu ni mtego. Mwezi Machi 2025, wakati mgawo wa Kakuma ulipopunguzwa, wakimbizi waliandamana, na walipoandamana hawakuwa wakibishana juu ya falsafa ya usawa; walikuwa wakisema kuwa chakula hakitoshi. Hata hivyo, mabishano hayo ya falsafa yalikuwamo ndani ya kilio chao, kwa maana mtu aweza kuvumilia njaa ya wote kwa moyo ambao hawezi kuvumilia njaa yake peke yake. Viongozi wa Shirika wamewahi kusema kwa uchungu kuwa hulazimika kuwanyang'anya wenye njaa ili wawape wafao kwa njaa. Ni maneno ya kweli, na ukweli wake ndio ubaya wake.

Njia zote mbili, basi, zina lawama. Mjadala juu yake waweza kuendelea hata mwisho wa dahari, na wataalamu wa ugawaji wataendelea kuboresha orodha zao, nao wana haki ya kushukuriwa kwa kazi hiyo isiyo na sifa. Lakini mjadala mzima umesimama juu ya jambo moja ambalo halitamkwi: kwamba walaji hawana chakula kingine. Kwa nini hawana?

Mtaalamu wa uchumi kutoka India, Amartya Sen, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuwa njaa kubwa aghalabu haitokani na nchi kukosa chakula, bali na watu fulani kukosa njia halali ya kukipata chakula kilichopo. Mfano wa Kigoma ni kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya hoja yake. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu na kambi ya Nduta iko Kibondo. Wilaya hizo hulima mahindi, maharagwe na mihogo, na kuuza ziada. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula imewahi kuliuzia Shirika lile lile maelfu ya tani za mahindi ya Tanzania. Chakula, basi, kipo kando ya ua. Kilichopungua ni njia ya kutoka uani.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na asitoke pasipo kibali. Mwezi Desemba 2016 ulianza mpango mdogo wa kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha badala ya magunia, ili wanunue watakacho, na wakulima wa jirani wapate wateja. Mwezi Agosti 2017 serikali iliusimamisha. Katika miaka iliyofuata masoko ya pamoja, ambamo mwenyeji na mgeni walikuwa wakibadilishana mihogo kwa mafuta, yalifungwa. Anayetoka kwenda kulima kwa ujira katika shamba la mwanakijiji hutoka kwa kuiba, hulipwa ujira wa mtu aliyetoka kwa kuiba, na akidhulumiwa hana pa kushitaki.

Turudi Zegereni kwa mfano. Mgeni amefika usiku akikimbia nyumba inayowaka. Mwenyeji amempokea, amempa chumba. Hilo ni tendo jema na hakuna alifutalo. Siku ya tatu mgeni aomba jembe. Mwenyeji amwambia: jembe hutapewa, na mlango huu nitaufunga kwa nje, kwa kuwa shamba ni dogo na majirani wananung'unika, lakini usihofu, yupo tajiri wa mbali atakayeleta chakula. Mwezi wa kwanza tajiri aleta kibaba kizima. Mwezi wa sita aleta nusu. Je, nusu ile ni sadaka? Tajiri asema ni sadaka, na haulizwi mtu kwa nini hakutoa sadaka zaidi. Mwenyeji asema hahusiki, kwa sababu chakula hakikuwa ahadi yake. Kila mmoja ana neno la kujitetea, na neno lake si la uongo kabisa. Lakini mwenye kufunga mlango amechukua kitu kutoka kwa mgeni, nacho ni uwezo wake wa kujilisha. Na aliyechukua kitu cha mtu hudaiwa. Naye tajiri, aliyekubali kupitisha sahani katika dirisha la chumba akijua kuwa mlango umefungwa, na kwa miaka mingi akaona ni rahisi zaidi kuleta sahani kuliko kuzungumza habari ya mlango, amejitia katika deni hilo hilo. Kibaba kile kilikoma kuwa sadaka siku ile kufuli lilipofungwa.

Haipasi kusema haya pasipo kuitendea haki Tanzania, kwa maana ni nchi chache zilizotoa jembe kama ilivyolitoa yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere aliitaja methali ya mgeni na jembe katika andiko lake juu ya Ujamaa la mwaka 1962, na miaka kumi baadaye nchi yake ililazimika kuitimiza. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walikata misitu, wakalima, na baada ya miaka michache hawakuhitaji mgawo wa mtu. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi. Mwaka 2014 Warundi wale na watoto wao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia.

Kilichobadilisha moyo wa mwenyeji kina sababu zake. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja na usiku wake. Hapana kijiji duniani ambacho hakingetetemeka. Miti ilikatwa, visima vilikauka, silaha ziliingia pamoja na watoto, na ahadi za mataifa tajiri zilipungua kadiri magazeti yao yalivyochoka na habari ile. Sheria ya mwaka 1998 ilizaliwa katika uchovu huo. Mwaka 2018 Tanzania ilipojitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwapa wakimbizi nafasi ya kujitegemea, ilisema miongoni mwa mengine kuwa fedha zilizoahidiwa hazikuja. Mwenyeji aliyeachwa na mzigo ana haki ya kulalamika. Asichokuwa nacho ni haki ya kumlipisha mgeni lawama iliyo ya tajiri.

Mwenye kupinga atasema pia kuwa jembe si dawa. Uganda imewapa wakimbizi viwanja vya kulima na ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, na bado njaa imewafikia. Ni kweli. Viwanja vingi ni vidogo mno, vimegawanywa tena kila walipokuja wengine, na udongo umechoka. Jembe pasipo ardhi ni mpini na chuma tu. Lakini yapo matofauti kati ya mtu aliyepewa kidogo cha kufanya na mtu aliyekatazwa kufanya, na tofauti hiyo haionekani katika jedwali la kalori. Wa kwanza aweza kuhesabu njaa yake kuwa shida. Wa pili hulazimika kuihesabu kuwa adhabu, na hajui kosa lake.

Pana jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko yote. Mwezi Agosti 2017, mwezi ule ule wa asilimia 62, serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilikubaliana juu ya kuwarudisha Warundi waliotaka kurudi kwao, na safari zikaanza mwezi Septemba. Neno lililotumika ni hiari. Wengi walirudi kwa hiari ya kweli, maana kwao ni kwao. Lakini mwanafalsafa wa maadili hana budi kusimama hapa. Mtu mwenye nusu ya kibaba, asiye na soko, asiye na shamba, asiye na kibali cha kutoka, akija mezani na kuandika jina lake katika orodha ya kurudi, amechagua nini? Hiari ni kuchagua kati ya njia mbili ambazo mtu aweza kuishi katika kila moja. Njia moja ikifungwa polepole, kwa asilimia 20 mwaka huu na 15 mwaka ujao, ile iliyobaki hupitwa na watu wengi, nao huandikwa kuwa wamependa. Haihitajiki mtu yeyote mwenye nia mbaya. Mtoaji hapunguzi fedha ili Mrundi arudi. Mgawaji hutumia kilichopo. Afisa wa orodha huandika jina aliloambiwa. Kila mkono ni safi, na mtu amesukumwa.

Msomaji wa Pwani asidhani kuwa haya ni mambo ya mbali. Katika miaka ya 1970 ukame na msukosuko wa kuhamia vijijini ulipoifanya Tanzania iombe nafaka nje, watu walikula unga wa mahindi ya manjano kutoka Marekani, wakauita unga wa Yanga kwa mzaha, kwa sababu ya rangi ya timu ile. Mzaha ule ulikuwa na aibu ndani yake. Lakini walioula walikuwa na mashamba yao, na msimu ulipogeuka walirudi kuyalima.

Na yapo masimulizi ya zamani zaidi. Katika karne ya 19 njaa iliingia Uzigua, na mapokeo ya Wazigua husimulia kuwa watu walijitoa kwa wafanyabiashara wa pwani kwa ahadi ya chakula na kazi ng'ambo, wakapakiwa vyomboni, wakafikia utumwani Somalia. Miongoni mwa waliopelekwa huko katika karne ile walikuwamo Wazaramo pia, ndugu wa wakazi wa Kisarawe na Kibaha. Kibaba kilichoahidiwa kilikuwa bei ya uhuru wao. Wajukuu wao walikaa katika bonde la Juba wakilima, na Wazigua wakaendelea kusema Kizigua, hata vita vya mwaka 1991 vilipowatawanya. Baadhi yao walirudi Tanzania wakiwa wakimbizi, wakapelekwa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Huko walipewa ardhi, na kisha uraia. Wenyeji wa Handeni walipowasikia wakisema, waliyatambua maneno yao.